Saga Viungo vya Chai Mwenyewe, na Vingine Ugawe Zawadi

Mwanza si mji wa mashamba ya viungo. Karafuu inatoka Pemba. Mdalasini unatoka Unguja, na mwingine milima ya Uluguru, kule Matombo na Kinole. Iliki inatoka kwenye vivuli vya misitu ya Amani juu ya Muheza, na tangawizi huletwa kutoka Kigoma au Upare. Kabla ya kufika kwenye meza ya duka pale Kirumba, kila kimoja kimeshapanda chombo, lori na bega la mchukuzi, kimelala ghalani, kimefunguliwa na kufungwa tena. Kwa hiyo mtu wa huku ziwani anayetaka chai yenye viungo vya kweli ana kazi moja inayozidi nyingine zote, nayo ni kununua. Vipimo nitavitoa hapa chini na ni vyepesi, ila hakuna kipimo kinachoweza kuiokoa karafuu iliyokwisha mafuta.

Pakiti za masala ya chai zilizosagwa tayari zipo kila duka, na sizikatazi kwa mwenye haraka. Shida yake ni kwamba kiungo kikishakuwa unga, macho hayana la kukagua tena. Huwezi kujua kama ndani mna karafuu au makonyo yake, iliki au maganda yake matupu, wala kimesagwa mwezi uliopita au mwaka juzi. Kiungo kizima hakifichi hali yake. Nunua vizima, uvisage kidogo kidogo, na kile kinachobaki kizima kitakusubiri.

Kalenda nayo inasaidia. Juni hadi Agosti mvua huku ni haba, jua ni kavu, na asubuhi upepo wa ziwani huwa na baridi inayomfanya mtu ashike kikombe kwa mikono miwili. Huo ndio wakati wa kukausha tangawizi na maganda ya machungwa. Novemba na Desemba, mvua za vuli zinaponyesha na watu wanaanza kufikiria Krismasi, kila kitu kinakuwa kimeshakauka, kimebaki kusagwa. Anayeanza kukausha tangawizi katikati ya Novemba anashindana na mawingu, na mara nyingi mawingu hushinda.

Namna ya kukagua dukani

Anza na karafuu, kwa sababu ndiyo inayochezewa sana. Karafuu nzuri ina kichwa, ile tumba ndogo ya mviringo iliyoshikwa na meno manne. Ukiona nyingi zimepoteza vichwa, zimeshikwashikwa mno au zimezeeka. Kandamiza moja kwa ukucha: inatakiwa iache unyevu wa mafuta na harufu inayopanda puani. Kama muuzaji ni mwelewa, omba kikombe cha maji udondoshe tano ndani yake. Iliyo na mafuta yake huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Iliyokamuliwa au kukauka kupita kiasi hulala chali juu ya maji. Tazama pia makonyo, yaani vile vijiti vya vikonyo. Kule Pemba makonyo yana kazi yake, yanapelekwa kiwandani kukamuliwa mafuta, lakini ndani ya kilo ya karafuu yanaongeza uzito tu. Hakuna ubaya kumuuliza mwenye duka, "Kaka, hizi ni za msimu huu?" Mwenye mzigo mpya atakuonyesha gunia. Mwenye mzigo wa zamani ataanza kukusifia bei.

Iliki ni ghali, hivyo ichaguliwe moja moja pale inaporuhusiwa. Chukua iliyo ya kijani, iliyofumba, inayokwaruza kidogo ukiisugua. Pasua moja: mbegu za ndani ziwe nyeusi, zenye kunata, zimeshikana. Zikiwa za kahawia, kavu, zinatawanyika kama mchanga, hiyo umechelewa. Nyeupe iliyopauka imepoteza mengi. Inakaa vizuri kwenye picha kuliko kwenye chai.

Mdalasini una ndugu yake, kasia, na madukani wote wawili wanaitwa mdalasini. Ule bora una gome jembamba lililojiviringa tabaka juu ya tabaka, na unavunjika kwa vidole. Kasia ni nene, ngumu, imejikunja mara moja tu, na ukiitafuna inauma ulimi kabla ya kuleta utamu. Kasia si sumu kwa kikombe cha leo na kesho, lakini ina kumarini nyingi zaidi, kitu ambacho kikizidi kwa muda mrefu huelemea ini. Anayekunywa chai ya mdalasini kila siku atafute ule mwembamba. Mara nyingine mdalasini wetu wa hapa nchini unauzwa ukiwa magome mapana yasiyoviringwa, na hapo umbo halikusaidii. Vunja kipande, kionje: utamu utangulie, joto lifuate.

Pilipili manga huchanganywa na mbegu za papai zilizokaushwa, maana zinafanana sana. Zitupe punje kadhaa kwenye maji, mbegu za papai zitaelea. Kungumanga chagua nzito mkononi, isiyo na vitundu vya wadudu. Nunua moja, inatosha sana.

Tangawizi ikaushwe nyumbani

Tangawizi kavu inauzwa, lakini hii ndiyo kazi pekee ambayo nitakusihi uifanye mwenyewe, kwa sababu ndiyo nusu ya mchanganyiko wote na tofauti yake inaonekana tangu funda la kwanza. Nunua mbichi ngumu, yenye ngozi inayong'aa, isiyosinyaa. Kilo moja mbichi itakupa kama gramu 150 hadi 200 ikikauka, kwa kuwa sehemu kubwa ya tangawizi ni maji. Ioshe vizuri, sugua udongo kwenye mikunjo. Usiimenye kwa kina: kwangua ngozi kwa ncha ya kijiko, kwa maana mafuta yenye harufu yamejaa karibu na ngozi. Kisha katakata vipande vyembamba, unene wa sarafu, ukikata kukingama na nyuzi zake. Ukikata kwa kufuata nyuzi, utakaposaga utapata pamba na si unga.

Sambaza kwenye ungo au wavu ulioinuliwa kutoka chini ili hewa ipite juu na chini. Na hapa mtu wa pwani ya ziwa ana mambo mawili ya kuangalia ambayo mtu wa Morogoro hana. La kwanza ni dagaa. Kama jirani anaanika dagaa, peleka ungo wako upande upepo unakotoka, au hata nyumba nyingine. Tangawizi inayokauka hunywa harufu ya kila kitu kilicho karibu, na harufu ya dagaa haitoki hata ukichemsha. La pili ni wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao kuna siku hupaa kwa mamilioni, na kutoka mbali unaona kama moshi umesimama juu ya maji. Wakitua kwenye ungo umekwisha. Funika kwa kipande cha chandarua safi kisicho na dawa, ukibane pembeni kwa mawe.

Ingiza ndani kila jioni kabla umande haujashuka, toa tena jua likishapanda. Kwa jua la Julai, siku nne hadi sita zinatosha. Kipimo cha kukauka ni sauti: kipande kikikunjwa kivunjike kwa mlio. Kikipinda kama ngozi, bado. Usikubali "karibu kimekauka". Unyevu uliobaki ndani ya kipande utageuka ukungu ndani ya chupa, na kiungo kilichoota ukungu hakisuguliwi wala hakianikwi tena, kinatupwa, kwa sababu sumukuvu haitoki kwa jua wala kwa moto wa jikoni.

Maganda ya machungwa yanafuata njia hiyohiyo. Chagua machungwa yenye ganda lenye harufu, yaoshe kwa maji ya vuguvugu, kisha menya kwa kisu kikali ukichukua ile rangi ya juu tu. Ile nyama nyeupe ni chungu, iache. Yanakauka kwa siku mbili tatu.

Kukaanga, kutwanga, kuchekecha

Kwa mchanganyiko wa chai wa karibu gramu 100, pima tangawizi kavu gramu 50, iliki na maganda yake gramu 25, mdalasini gramu 20, pilipili manga gramu 10, karafuu gramu 5, na nusu ya kungumanga moja. Asiye na mizani amwombe mwenye duka ampimie kila kimoja papo hapo. Wenye mizani midogo wapo. Akikosa kabisa, iliki hiyo ni vijiko vinne vya chakula, mdalasini ni vijiti kama sita vya urefu wa kidole, pilipili manga ni kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, na karafuu ni vijiko viwili na nusu vya chai. Tangawizi ipime ikishakuwa unga: vijiko tisa vya chakula.

Utaona karafuu ni kidogo kuliko mkono wako unavyotaka kumimina. Iache hivyo. Mafuta yake, yanayoitwa eugenoli, yana nguvu ya kutia ganzi ulimi, na yakizidi chai yote inanuka dawa ya meno. Kungumanga nayo ina mpaka wake, na huo si wa ladha peke yake: kijiko kizima au viwili vikinywewa kwa mkupuo vinaweza kumtia mtu kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kuona mauzauza. Nusu moja iliyotawanyika kwenye chai ya wiki nyingi haina tatizo.

Pasua iliki utoe mbegu. Maganda usitupe, yatie kwenye chai ya asubuhi inayofuata. Weka kikaango kikavu juu ya jiko lenye makaa yaliyofifia, tia mdalasini uliovunjwavunjwa na pilipili manga, geuza kwa dakika mbili au tatu. Ongeza mbegu za iliki na karafuu mwishoni, kwa nusu dakika tu. Lengo ni kufukuza unyevu wa ghalani na kuamsha mafuta, hivyo harufu ikijaa chumba, epua. Moshi ukitokea umeshaunguza. Tangawizi haihitaji moto huu, na kungumanga inakunwa mwisho kabisa.

Kisha subiri vipoe. Viungo vikisagwa vya moto hutoa mvuke, mvuke unarudi kwenye unga, na unga unaganda. Twanga kwanza mdalasini kwenye kinu hadi uwe vipande vidogo, kwa kuwa ndio unaovunja visu vya blenda. Halafu blenda ikae na kazi yake: saga kwa vipindi vifupi, upumzishe, usiiache ikachemsha unga. Asiye na umeme au blenda, kinu na mchi vinafanya kazi yote, ila kiwe kinu kisichotwangiwa vitunguu saumu. Usipeleke mashine ya kusaga nafaka. Utarudi na masala yenye ladha ya mahindi, na mteja anayekufuata atakula ugali wa karafuu.

Chekecha kwa chujio laini, yaliyobaki juu yarudi kwenye kinu. Makapi ya mwisho kabisa yasiyosagika chemshia chai siku hiyohiyo.

Chai yenyewe

Kijiko kimoja cha chai, cha kufuta, kinatosha lita moja. Gramu 100 kwa hiyo zinatoa lita hamsini hivi, na ukipiga hesabu ya bei utaona ghali yote ya iliki inayeyuka.

Utaratibu ni muhimu. Chemsha maji na masala kwanza, dakika tano hadi saba, kabla ya kutia kitu kingine. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi na si 100, basi viungo vinataka muda kidogo zaidi kuliko Tanga au Dar es Salaam. Fuatisha majani ya chai, dakika mbili. Maziwa yaje baadaye, yachemke mara moja, sukari mwisho. Anayetumia tangawizi mbichi badala ya unga ashike utaratibu huu kwa nguvu zaidi: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatisha maziwa, na ni kuichemsha vizuri kwenye maji kwanza ndiko kunakokiua. Wengi huwalaumu wauza maziwa kwa kosa lililofanyika sufuriani.

Kwa kahawa, hasa robusta nzito ya Bukoba, usitumie mchanganyiko huu wenye pilipili manga nyingi. Saga pembeni iliki na tangawizi tupu, sehemu moja kwa mbili, utie ncha ya kijiko kwenye birika.

Vifurushi vya viungo vizima

Zawadi ya unga ni nzuri kwa mtu wa chai. Kwa meza ya sikukuu, viungo vizima vilivyofungwa kwenye kitambaa vinapendeza zaidi, tena havichakai haraka. Kifurushi kimoja cha lita moja kina kijiti cha mdalasini, karafuu tano, iliki nne zilizogongwa kidogo zipasuke, punje sita za pilipili manga, vipande vitatu vya tangawizi kavu na ukanda mmoja au miwili ya ganda la chungwa. Funga ndani ya kitambaa chepesi cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofuliwa bila sabuni ya manukato, kwa uzi wa pamba. Tuko katika nchi ya pamba, kitambaa hicho hakitakuwa kazi kukipata. Kitenge kizuri kiweke nje tu, kwenye mfuniko. Rangi yake haikutengenezwa kwa kuchemshwa na kunywewa.

Wazungu wa nchi za baridi hutia viungo vya namna hii kwenye mvinyo mwekundu wa moto wakati wa Krismasi. Anayekunywa anaweza kufanya hivyo na mvinyo mwekundu wa Dodoma: upashe moto taratibu na kifurushi kimoja na sukari kidogo kwa dakika ishirini, bila kuuacha uchemke. Lakini kwa nyumba za Mwanza, ambako meza moja inakaliwa na Mwislamu, Msabato, Mkatoliki na watoto, ninachokipendekeza kwa moyo wote ni rozela, ile ambayo wengine huiita choya. Ina wekundu uleule, ina ukali wa matunda uleule, na kila mtu anakunywa. Chemsha lita moja ya maji na kifurushi kwa dakika kumi, tia konzi ndogo ya rozela kavu, punguza moto, iache dakika tano, chuja. Ongeza asali ya Tabora ukiipata, au sukari. Tumia sufuria ya stenlesi au ya enameli. Rozela ina asidi, na zile sufuria nyepesi za alumini huachia madini yake kwenye kitu chenye asidi, ndiyo maana utasikia ladha ya chuma. Kifurushi hakijafa hapo: kianike kikauke, kitoe chai moja zaidi, basi.

Kuhifadhi na kukabidhi

Adui wa viungo vilivyosagwa katika mji huu ni hewa yenye unyevu. Mfuko mwembamba wa nailoni hauizuii. Tafuta chupa za kioo zenye mfuniko wa kukaza, zile za jamu au asali, uzichemshe, halafu zikauke kabisa, hata siku nzima juani. Jaza hadi juu ili hewa isibaki na nafasi. Ziweke kabatini mbali na jiko na dirisha. Unga unabaki katika ubora wake kwa miezi mitatu, baada ya hapo hausababishi madhara ukiwa mkavu, ila unafifia. Viungo vizima vinafika mwaka. Kijiko kinachoingia kwenye chupa kiwe kikavu, na usimwage masala juu ya sufuria inayotoa mvuke moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Lebo ya zawadi iandikwe kwa mkono: vilivyomo vyote bila kuficha kimoja, tarehe ya kusaga, na kipimo cha lita moja. Usiandike kwamba inatibu presha, sukari au kifua. Tumeona mengi yakiuzwa kwa maneno hayo, na mgonjwa anayeacha dawa zake kwa sababu ya chai analipa yeye, si aliyeandika. Ukiona majirani wanaanza kuuliza bei, na wataanza, nenda ofisi za SIDO upate mwongozo wa ufungashaji na uulize taratibu za TBS kabla ya kupeleka chupa dukani.

Zawadi yenyewe ifuate mtu. Ng'ambo ya ziwa, Wahaya humkaribisha mgeni kwa buni zilizochemshwa na majani ya harufu kisha kukaushwa, atafune wakizungumza. Kupeana kitu cha harufu si jambo geni kwenye pwani hizi, na kilicho kizuri ndani yake ni kwamba mwenyeji amemfikiria aliye mbele yake. Kwa mzee anayekunywa chai ya rangi bila sukari, punguza pilipili manga iwe nusu na uongeze mdalasini, utamu wake utamfidia. Kwa aliyetoka kufunga ndoa, chupa ya unga na vifurushi vinne, apate cha kila siku na cha wageni. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, toa pilipili manga yote, weka iliki zaidi, na kwenye lebo andika nusu kijiko kwa lita.